Fundi Asiyehukumu kwa Dhana

Miongoni mwa kazi za mikono zinazotunufaisha kila siku bila ya kupata shukrani, kazi ya fundi umeme wa magari ina adabu inayostahiki sifa, na adabu hiyo haidhihiriki popote kuliko pale anapoitafuta sababu ya injini kuzunguka kwa stata isitake kuwaka. Mwenye pupa huituhumu pampu ya mafuta mara moja, akaamuru tangi literemshwe na pampu mpya inunuliwe kwa fedha nyingi. Kumbe pampu ni nzima, na mkosaji ni rilei, kijisanduku kinachoenea ndani ya ngumi, kilichojipanga kimya baina ya fyuzi.

Ndani ya kijisanduku hicho mna koili ya waya mwembamba wa shaba. Umeme haba, ambao aghalabu haufiki robo ya ampea, ukipita humo hukigeuza chuma cha katikati kuwa sumaku, sumaku ikavuta ulimi mdogo, na ulimi ukaunganisha njia ya umeme mwingi uendao kwenye pampu. Hila hii ilikwisha kujulikana tangu miaka ya 1830, katika majaribio ya Joseph Henry wa Marekani, nasi leo twaitegemea pasipo kuijua mpaka siku inapotuacha njiani.

Fundi mwenye insafu hufanya kama kadhi: hamtii mtuhumiwa hatiani kabla ya kuwasikiliza mashahidi, tena kwa zamu. Kwanza hufungua swichi bila ya kupiga stata, akatega sikio karibu na tangi, kwa kuwa katika magari mengi ya siku hizi pampu yapaswa kuvuma kiasi cha sekunde mbili, kisha inyamaze. Pakiwa kimya tangu mwanzo, huweka kidole juu ya rilei, na mwingine akazungusha ufunguo, apate kuuhisi ulimi wake ukigonga. Mgoto huo ni nusu ya ushahidi: wathibitisha kwamba koili i hai, wala hauthibitishi kwamba ncha zinazogusana hazijaungua. Basi huchukua taa ya kupimia, akaipitisha kwenye miguu minne, ambayo katika rilei nyingi imeandikwa nambari: 30 hupokea umeme wa betri, 87 huupeleka kwenye pampu, na 85 na 86 ni miguu ya koili. Ikiwa 30 ina umeme, na koili imepata amri yake, na 87 haitoi kitu, hatia imethibiti. Ikiwa koili haikupata amri, rilei haina kosa, na uchunguzi sharti ugeukie swichi, nyaya, au kompyuta ya gari.

Lakini mtihani mkubwa ni maradhi yanayokuja na kuondoka. Gari lililoachwa juani adhuhuri hukataa kuwaka, na jioni, kukiisha kupoa, huwaka kana kwamba halikuwa na neno. Mwenyewe hufurahi, naye fundi ndipo anapozidi kushuku. Katika rilei za namna fulani, lehemu inayoishika miguu kwenye kibao chake hupata ufa mwembamba, ambao joto huupanua na baridi huufumba. Mvumilivu hungoja gari likatae mbele yake, akapima papo hapo, kisha akafungua kifuniko na kutazama kwa kioo cha kukuzia. Akiuona ufa, huulehemu upya, na gari likarudi barabarani kwa gharama ya lehemu kidogo na subira nyingi.

Na hapa pana dhuluma tunayoitenda sisi wateja. Fundi akibadilisha pampu isiyo na kosa, twamlipa bila ya manung'uniko, kwa sababu tumeona kitu kipya. Akiiokoa pampu ile kwa uchunguzi wa saa nzima, twamuuliza kwa nini adai ujira mkubwa kwa kijisanduku cha bei ndogo. Kwa malipo ya namna hii twamfunza kudhani na kumkataza kuyakinisha. Anayetaka mafundi wa kweli wasitoweke, na aulipe uchunguzi kabla ya kipuri, aulipe hata pale unapomwonyesha kwamba hana haja ya kununua kitu.