Mtumiaji, Mbegu na Mkabidhi: Majina ya Dhima katika Wikipedia ya Kiswahili kwa Mfano wa Kilosa na Mikumi

Anayejitolea kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2003, huitwa mtumiaji. Katika matumizi ya kawaida, mtumiaji hupokea kilichotengenezwa na wengine: maji, umeme, dawa. Hapa ndiye anayetengeneza, lakini jina limekwisha kumweka pembeni mwa kazi yake.

Kurasa za kata za Wilaya ya Kilosa, Mikumi ikiwamo, zinadhihirisha tatizo hilo. Zilimiminwa katika kalibu moja: kata, wilaya, mkoa, msimbo wa posta, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Ukurasa mfupi wa namna hii huitwa mbegu, na chini yake msomaji huombwa aongeze anachokijua. Sitiari hiyo inafaa, kwani mbegu humhitaji mkulima. Kalibu yenyewe, hata hivyo, huwahesabu watu kabla ya kuwasikiliza. Haina mahali pa reli ya tawi itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, wala pa mashamba ya mkonge, wala pa Kisagara na Kividunda. Mwenyeji akitaka kuyaandika hayo, huwa amebadili dhima bila kupewa cheo: si mjazaji tena, ni mtunzi. Papo hapo hudaiwa chanzo kilichochapishwa, na kauli ya mzee wa Kividunda haihesabiwi. Dai hilo ni la haki (bila hilo kamusi elezo ingegeuka baraza la uvumi), ila humpendelea anayejua kulinda kuliko anayejua kusimulia.

Juu ya mtumiaji yuko mkabidhi, mwenye uwezo wa kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu. Neno hili lina nyuso mbili. Asili yake ya Kiarabu ni kushika. Katika Kiswahili cha leo, kukabidhi ni kutoa. Cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu kimehifadhi maana ya kushika: mali ya marehemu husimamiwa kwa ajili ya warithi. Kwa kuwa dhamana yake hutoka kwa wenzake, mkabidhi wa Wikipedia kimofolojia alistahili kuitwa mkabidhiwa. Kauli ya kutenda inaficha mtoaji wa dhamana, yaani jumuiya, na humfanya mshikaji aonekane mwenyewe mali. Mwenyeji wa Mikumi ambaye aya yake imefutwa hana sababu ya kulisoma neno hilo vinginevyo, hasa pale ufutaji unapofanywa bila hata sentensi moja katika ukurasa wa majadiliano.