Eti mimi ni "Buluu"? Juu ya kitabu cha Thomas Erikson



Mwenzenu nimeshapita miaka 50, shahada ya udaktari niliipata huku huku Uingereza, nikadhani nimepimwa vya kutosha. Kumbe bado. Mwaka juzi idara ninayofundisha ilituita kwenye semina ya siku nzima. Tukajaza fomu ya maswali, na jioni kila mtu akapewa rangi yake. Mie nikaambiwa ni Buluu: makini, mtu wa takwimu na kanuni. Nikacheka. Wiki mbili baadaye ikaundwa kamati ya kubuni kozi mpya, jina langu halimo. Nilipouliza, nikajibiwa kwa tabasamu kwamba safari hii walitakiwa watu wa Njano, wenye ubunifu. Hapo sikucheka tena. Nikakitafuta kitabu kilichotajwa sana siku ile.

Kitabu ni cha Msweden Thomas Erikson. Kwa Kiswidi kilitoka mwaka 2014, na kwa Kiingereza mwaka 2019 kwa jina la Surrounded by Idiots, yaani kuzungukwa na majuha. Hoja yake ni kwamba tabia za binadamu ni za rangi nne. Mwekundu ni mbabe anayetaka matokeo. Wa Njano ni mchangamfu, kichwa kimejaa mawazo mapya. Wa Kijani ni mtulivu asiyependa ugomvi. Wa Buluu ni mchambuzi.

Tumtendee haki mwandishi. Kitabu kinasomeka, mifano yake inachekesha, na ushauri wa kutomsemesha kila mtu kwa namna moja ni wa busara. Lakini busara hiyo bibi zetu walikuwa nayo bila kumpaka mtu rangi.

Shina la nadharia ni Mmarekani William Moulton Marston na kitabu chake cha mwaka 1928, Emotions of Normal People. (Ndiye huyo huyo aliyebuni Wonder Woman!) Kipimo cha maswali walikitengeneza wengine baadaye. Huko kwao Sweden, chama cha Vetenskap och Folkbildning, kinachotetea elimu ya sayansi kwa umma, kilimtangaza Erikson kuwa mpotoshaji wa mwaka 2018.

Mie nataka kuzigusa rangi zenyewe. Hivi kwa nini buluu iwe ya mtu asiye na ubunifu? Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Mehta na Zhu uliodai kinyume: kwamba nyekundu humsaidia mtu katika kazi za umakini, na buluu huchochea ubunifu. Basi kwa Mehta na Zhu buluu inabuni, kwa Erikson inahesabu. Na hata utafiti huo haukusimama vizuri. Mwaka 2014 sehemu yake ya kupanga upya herufi za maneno ilirudiwa, matokeo yale hayakuonekana.

Sisemi rangi hazigusi moyo. Utafiti wa mwaka 2020 katika nchi 30 ulionyesha kuwa watu wa mataifa mbalimbali hufanana sana wanapohusisha rangi na hisia: nyeusi na huzuni, nyekundu na mapenzi au hasira. Sawa. Lakini kusema nyekundu yanikumbusha hasira ni jambo moja, na kusema fulani *ni* Mwekundu ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni mazoea ya hisia na lugha. La pili ni hukumu.

Tena mazoea yenyewe yana historia. Zanzibar ya karne ya 19, kaniki, ile shuka ya rangi nzito ya nili, ilikuwa vazi la watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaiacha kaniki, wakaingia kwenye kanga za rangi na maua. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza vizuri katika Pastimes and Politics (2001). Sasa niambieni, yule mama alibadilika tabia akawa "wa Njano"? Alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni nani mwenye amri juu ya mwili wake na vazi lake. Anayesoma rangi pasipo kuuliza nani alimvisha, anasoma nusu ya habari.

Na kwa wale wa Kariakoo: ukimwambia mtu yeye ni Mwekundu, atadhani unamwita Simba. Njano na kijani, ambazo kwa Erikson ni tabia mbili tofauti, kwetu zimelala jezi moja, Yanga!

Mzaha kando. Kozi ile ilianza bila mimi, nami nikapewa kazi ya kuhakiki alama, kwa kuwa "Buluu anaiweza". Sina kinyongo na mtu. Ila nimeona jinsi mchezo wa semina unavyogeuka cheo, na jinsi mtu anavyoanza kujiamini kidogo zaidi ya alivyokuwa jana. Nyie mnaoajiri, huku na huko nyumbani, mkiletewa fomu hizi msizikatalie kucheka. Zikatalieni tu kuamua nani atabuni na nani atahesabu.

Natoa hoja. Wenzangu mnasemaje?

Wasalaam.