Chombo cha Angani na Ajuza wa Simbi: Maoni ya Awali juu ya Walenisi

Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), humpa msomaji ahadi mbili. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatiwa katika chombo na kurushwa angani ili akaangamie huko. Anakimudu chombo hicho na kutua katika sayari ya Walenisi. Hii ni ahadi ya sayansi, nayo haitimizwi. Mitambo inatajwa tu na kuachwa. Mhakiki aliyezoea kazi za Jules Verne huenda akaiona fani hii kuwa changa.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Kisumu, na ng'ambo ya Ghuba ya Winam upande wa Kendu Bay, wengi wanaijua ngano ya Simbi Nyaima. Ajuza mgeni alifika kijijini watu wakiwa katika karamu ya pombe. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, naye akaonywa aondoke pamoja na jamaa zake. Kisha mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Ziwa dogo la Simbi, lenye maji ya magadi, lipo hadi leo. Hakuna amwulizaye msimulizi ajuza aliiamuruje mvua, kwani kinachopimwa ni jamii na namna inavyompokea mgeni. Chombo cha Dzombo kina kazi iyo hiyo. Aliyetupwa na watu wake anapokewa na wasiomjua. (Mkangi, mwanasosholojia, aliwekwa kizuizini na serikali mwaka 1986, mtu kutupwa na kwao hakukuwa kwake jambo la kubuni tu.)

Kwa hiyo kasoro ya riwaya haimo katika uchache wa sayansi. Imo katika ile ahadi ya pili, yaani jina lenyewe: wale ni sisi. Katika Simbi kuna mvutano. Karamu iko upande mmoja, mlango wa mwanamke yule upande wa pili, na msikilizaji hulazimika kujiuliza angesimama wapi. Katika Walenisi karibu kila jambo limekwisha kuamuliwa kabla Dzombo hajafika. Yeye huuliza, wenyeji hueleza, na mazungumzo hugeuka mhadhara, tena mrefu. Msomaji wa ngano ya Simbi atamtafuta humo mtu wa kumfungia mgeni mlango, asimwone. Ikiwa wale ni sisi kweli, mtu huyo hana budi kuwamo.