Imeingia, Haijaingia

Kazi yangu huwa ni kusoma vitabu vya watu na kusema wapi vimekaa sawa na wapi vimelegea. Safari hii nimesoma ubishi. Nimeusikiliza vijiweni, kwenye daladala, hata msibani, na naona unastahili kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote ya mdomo. Una watunzi, una mitindo, na una wasikilizaji wasiosamehe.

Ubishi wenyewe kila mtu anaujua. Aprili 5, 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Yanga na Mamelodi Sundowns walikuwa wametoka 0-0 kwa Mkapa wiki moja kabla. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda, ukarudi uwanjani. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakuonyesha kati. Watu wa VAR wakaangalia, mchezo ukaendelea. Dakika tisini zikaisha 0-0, wakaenda kwenye matuta, Sundowns wakashinda 3-2. Aziz Ki mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokosa.

Mimi ni Simba. Nasema mapema ili msomaji anipime anavyotaka.

Usiku ule nilikuwa kwenye kibanda umiza Magomeni na mjomba wangu, ndugu wa mama, Yanga wa kuzaliwa. (Tunaitana mjomba sote wawili, kama kawaida ya mjomba na mpwa wake, na jirani mgeni hudhani tunataniana.) Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, watu wametoka tarawehe, kahawa inazunguka. Mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Kwenye televisheni anaona mwanga na kijani, wachezaji hawaoni. Anakuja kusikiliza. Hukaa karibu na spika, na mimi hukaa kushoto kwake kumjazia yale ambayo mtangazaji hakuyasema.

Mpira ulipogonga mwamba kibanda kizima kiliruka. Mjomba hakuruka. Alinishika mkono juu ya kiganja, akauliza, "Mjomba, imeingia?"

Niliona imeingia. Sisemi iliingia, nasema macho yangu, kwa sekunde ile, yaliniambia imeingia. Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Haijaingia, Mjomba. Imegonga mstari." Akauachia mkono wangu.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu.

Hoja ya kwanza ya Wananchi, na ndiyo iliyosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, ni "tumeona kwa macho yetu." Kama sentensi ina nguvu, hasa ikisemwa na watu mia kwa pamoja. Kama ushahidi imelegea. Sheria ya 10 ya mpira inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mstari unaweza kuwa na upana wa hadi sentimita 12. Mpira una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, yaani kipenyo cha kama sentimita 22. Nilikwenda kwenye kiwanja cha shule jirani na mpira na futi kamba, nikapiga magoti golini kama mtu aliyepoteza pete. Ukiuweka mpira nyuma ya mstari, pale unapogusa ardhi pakiwa sentimita tano, hata nane, ndani ya goli, unaona nyasi za kijani kati ya chokaa na sehemu hiyo ya chini. Mtu yeyote atakuapia kwamba umeingia. Lakini tumbo la mpira bado limening'inia juu ya mstari, na kwa sheria hilo si goli. Ili liwe goli, pale unapogusa ardhi lazima pawe zaidi ya sentimita 11 ndani. Kwa hiyo "nimeona nyasi", maneno niliyoyasikia labda mara hamsini, hayathibitishi kitu. Na wale makolo wenzangu waliokuwa wakijibu "umedunda kwenye mstari" hawakupiga magoti popote. Walikuwa wanafurahi tu.

Halafu kuna picha. Asubuhi yake kila simu ilikuwa nayo, imekatwa kutoka kwenye marudio, na mtu kachora mstari mwekundu kwa kidole. Kufika adhuhuri nikaletewa picha ileile, safari hii mstari umesogezwa mbele kidogo, na chini yake mtu kaandika kinyume chake. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika ubishi mzima, na inasikitisha kwa sababu ndiyo iliyoaminiwa zaidi. Kamera iliyo juu, upande wa uwanjani, huuonyesha mpira ulio hewani kana kwamba uko ndani zaidi ya ulivyo. Ukiweka kamera nyuma ya goli, inakuwa kinyume chake. Ni kamera iliyosimama sambamba na mstari tu inayoweza kuhukumu, na hapo napo nguzo inaweza kuziba. Mashindano yale hayakuwa na teknolojia ya mstari wa goli, ile ya kumwambia refa kwenye saa yake ndani ya sekunde moja. VAR ilikuwa na picha za kamera za matangazo tu. Bila picha inayokata shauri, uamuzi wa uwanjani unabaki.

Hapo ndipo Wananchi walikuwa na hoja nzuri, na ajabu wachache sana waliishika. Nilimsikia dereva wa bodaboda mmoja tu akiiweka sawasawa. Hakusema goli lilikuwa goli. Alisema: mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Afrika, pesa ipo, kwa nini mtu aachiwe kukisia sentimita? Na kama mnakisia, kwa nini refa mwenyewe asiende kwenye ile televisheni ya pembeni akaangalia, watu wamwone anaangalia? Mwenzake akamjibu kwamba kungebadilika nini. Akasema, "Ningelala." Sijasikia kwenye redio uchambuzi ulioifikia ile.

Redio zenyewe zilikwenda kwa Patrice Motsepe. Rais wa CAF tangu 2021, na kabla ya hapo mwenye Sundowns, klabu iliyobaki mikononi mwa familia yake. Haya ni mambo ya kweli na yanastahili kuulizwa mchana kweupe, hata kama Sundowns wangefungwa tano. Lakini kama jibu la swali la mpira ulidondokea wapi, hayana kazi. Mwenye mali hasogezi mstari wa chokaa. Nilichokiona ni kwamba hoja ya Motsepe ilikuwa inaingia pale tu mtu anapobanwa kuhusu sentimita, kama mlango wa uani. Na mwezi huohuo Sundowns walipotolewa na Esperance kwenye nusu fainali, hakuna aliyesimama kijiweni kusema basi, mbeleko imekatika. Walisema ni laana ya Yanga.

Niseme kidogo juu ya neno hilo, mbeleko, kwa sababu kwangu ndilo tungo bora katika ubishi wote wa soka letu. Timu ikipendelewa na refa tunasema inabebwa. Yule aliyebeba anakaribia kusahaulika. Aibu yote inakwenda kwa aliyebebwa, mtoto mgongoni, miguu inaning'inia. Ndiyo maana neno linauma. Likimpata mtani, mtani hawezi kulijibu kwa kumtetea refa. Lazima athibitishe kwamba anaweza kutembea. Simba na Yanga tumelirushiana neno hili miaka yote, na nadhani ndilo lililotuharibia macho. Ukishazoea kutafuta aliyebebwa, huuoni tena mpira.

Ukitaka kujua ubishi wa namna hii unaishi muda gani, tazama Wembley. Julai 30, 1966, fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Ujerumani Magharibi wamefungana 2-2, muda wa nyongeza. Geoff Hurst anapiga, mpira unagonga mwamba kwa chini, unadunda, unatoka. Kama wa Aziz Ki. Refa Gottfried Dienst, Mswisi, hakuona. Akaenda kumuuliza mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, ambaye hata lugha ya pamoja naye hawakuwa nayo. Bahramov akatikisa kichwa kukubali. Goli. Mechi ikaisha 4-2. Mwaka 1996 watafiti wa Oxford walizipima picha za zamani kwa kompyuta wakasema mpira haukuvuka wote. Waingereza hawakurudisha kombe, na Baku wana uwanja wenye jina la Bahramov.

Ila kilichonivutia mimi ni ushahidi wa upande wa Waingereza. Hawatumii sana picha. Wanamtaja Roger Hunt, mshambuliaji wao, aliyekuwa karibu kabisa na goli. Mpira ulipodunda angeweza kuufuata auguse kwa usalama. Hakuufuata. Aligeuka, mikono juu. Wanauliza: mshambuliaji gani anauacha mpira ambao haujaingia? Hakithibitishi kitu na hicho, kwa sababu Hunt naye angeweza kukosea. Lakini kama hoja ni ya daraja jingine kabisa. Inamtazama aliyekuwepo, alifanya nini kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Usiku ule Simba nasi tulifungwa 2-0 na Al Ahly kule Cairo, tukatoka, kwa hiyo furaha yangu haikufika daku. Niliporudi nyumbani niliendelea kujiuliza nilimwambia nini mzee. Tangu nipime mpira kule shuleni limekuwa gumu zaidi. Huenda nilichosema kilikuwa kweli. Nilikisema nikiamini ni uongo, kwa mtu ambaye hakuwa na macho mengine usiku ule ila yangu.

Niliwahi kutaka kumwambia. Nilimkuta kijiweni baada ya alasiri, amezungukwa na vijana, anasimulia goli la Aziz Ki. Nikasimama nyuma. Sijasikia mtu akilisimulia vizuri kama yeye, ambaye hakuliona. Alikuwa na sauti ya mwamba, alikuwa na kipa Ronwen Williams akigeuza shingo, alikuwa na ukimya wa mtangazaji kabla hajajua aseme nini. Nyasi hakuzitaja. Picha hakuitaja, wala Motsepe.

Kijana mmoja, Simba mwenzangu, akamkata: "Babu, wewe wenyewe huoni. Nani alikwambia imeingia?"

"Mpwa wangu."

"Yupi, huyu? Huyu si Simba? Huyu kila siku anasema haijaingia."

"Alisema haijaingia," mzee akasema. Akanyoosha kikombe kwa muuza kahawa aongezewe. "Lakini nilimuuliza, akanyamaza kwanza."