"Vimeng'enya Vyote ni Protini": Sentensi Iliyopitwa na Wakati

Fungua daftari la baiolojia, liwe la Munanila, Kasulu mjini au Dar, kuna uwezekano mkubwa utaikuta: "Vimeng'enya vyote ni protini." Ni fupi, inakaririka, inaleta maksi. Ila si kweli.

Tuitendee haki kwanza. Mwaka 1926 James Sumner alipata fuwele za kimeng'enya kinachovunja urea, akaonyesha kuwa ni protini. Vingi vilivyofuata navyo vikawa protini, basi kanuni ikaota mizizi. Halafu mwaka 1982 kundi la Thomas Cech likaonyesha kwamba RNA ya Tetrahymena, kiumbe cha seli moja, inajikata na kujiunga yenyewe bila protini yoyote. Mwaka 1983 Sidney Altman na wenzake wakaonyesha kuwa katika ribonukleasi P ya bakteria, inayokata ncha ya tRNA changa, mkataji ni RNA. Cech na Altman wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 1989.

Unaona ni mambo ya maabara tu? Hapana. Ribosomu, inayotengeneza protini zako zote, imejengwa kwa RNA na protini, lakini kazi yenyewe ya kuunganisha asidi amino inafanywa na RNA. Doksisaiklini unayopewa zahanati inashika hasa RNA ya ribosomu ya bakteria. Mtu aliyekariri "vyote ni protini" ataielezaje dawa hiyo?

Sasa usikimbilie upande wa pili. Wapo wanaosimulia eti RNA ndiye fundi, protini ni saidia fundi tu. Na hao nina ugomvi nao. RNA ya ribonukleasi P hukata peke yake kwenye bomba la maabara lenye magnesiamu nyingi. Ndani ya bakteria hai, inaihitaji protini yake.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa kimelea ambacho nyanda za Kasulu na Kibondo zimekifahamu kwa madhara yake: Trypanosoma brucei, anayesambazwa na mbung'o na kuleta malale. Kwenye kiini cha seli yako, ribonukleasi P ni RNA moja na protini kama kumi. Kwenye kiini cha kimelea huyu, kazi hiyohiyo inafanywa na protini moja tu, bila RNA. Mwaka 2014 watafiti walitoa mtambo mzima wa hamira, RNA moja na protini tisa, wakaweka protini hiyo moja ya kimelea. Hamira ikaendelea kukua karibu kama kawaida.

Kwa hiyo sentensi zote mbili zinakosea kwa namna moja: zinaamua nani mfanyakazi kabla ya kutazama kazi. Na tofauti kati ya seli yetu na ya kimelea ndiyo mtafuta dawa huiwinda. Hata hapo inabidi awe makini, maana mitokondria zetu nazo zinatumia ribonukleasi P ya protini tupu.

Ningependa daftari liseme hivi: "Vimeng'enya vingi ni protini, baadhi ni RNA, na vingine ni RNA na protini zikifanya kazi pamoja." Imeongezeka maneno machache tu, na mtihani hautaharibika. Wewe ukikutana na kimeng'enya kipya, uliza kwanza: hapa anayekata ni nani, na umejuaje?