Kushiriki na Kushirikishwa

Kitenzi "shiriki" ukikitia kauli ya kutendesha unapata "shirikisha". Ongeza kauli ya kutendwa, unapata "shirikishwa". Huko ndiko lilikotoka neno ambalo siku hizi hakuna mpango wa kuhifadhi mtaa wa kale unaothubutu kutoka bila kulitaja: ushirikishwaji wa wananchi. Lisome polepole. Mwananchi yumo ndani ya neno, lakini hatendi kitu. Yupo mwingine anayemwita, anayempangia siku ya mkutano na mahali pa kuketi, kisha anaamua lini kikao kimekwisha. Ripoti huficha jambo hilo, sarufi hailifichi.

Mahali pazuri pa kulipima neno hili ni Unguja mjini, mji ulioanza kupangwa na wataalamu tangu enzi za ukoloni na wenye pande mbili zilizotazamwa kwa macho tofauti. Upande mmja ni Mji Mkongwe. Mamlaka yake ya hifadhi iliundwa mwaka 1985, mpango mkuu wa hifadhi ukakamilika 1994 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mpango ule wa 1994 ni kazi ya kuheshimiwa. Majengo yalikaguliwa moja baada ya jingine, milango na roshani zikahesabiwa, na mji uliokuwa ukibomoka ukapata watetezi.

Tatizo lipo katika nafasi aliyopewa mkazi. Chukua suala la chokaa. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ukuta huo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unanasa ndani na jiwe linaanza kuoza. Kwa hiyo kanuni ya kutumia chokaa ni sahihi. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na zikaingia familia ambazo hazikuzijenga wala hazikurithi fedha za kuzitunza. Mpangaji wa chumba kimoja ambaye paa linamvujia anakuta saruji dukani mtaa wa pili. Chokaa inataka fundi anayeijua, muda wa kuiva, na gharama ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaiweza. Katika mpango wa namna hii mkazi huingia kama mkosaji mtarajiwa: tunamfundisha asifanye nini, kisha tunaandika kwamba ameshirikishwa.

Sisi tunaosoma mipango miji hupewa mapema makala ya Sherry Arnstein ya mwaka 1969, iliyochora ushiriki wa raia kama ngazi yenye vipandio 8. Chini kabisa raia anarubuniwa, juu kabisa anaamua mwenyewe. Kupewa taarifa ni kipandio cha tatu, kuombwa maoni ni cha nne, na vyote viwili Arnstein aliviweka katika fungu la ushiriki wa kuonyesha tu. Tunaijua ngazi hiyo kwa moyo, tunaijibia mtihani, halafu tunakwenda kazini na kuishia kipandio cha nne, tukiwa na karatasi ya mahudhurio mkononi kama ushahidi.

Upande wa pili wa mji ni Ng'ambo. Jina lenyewe limetolewa na mtu aliyesimama kwingine: ng'ambo ya mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, na barabara ikapita juu yake. Kwa miaka mingi huko ndiko walikoishi wengi, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuita urithi. Siti binti Saad alikuwa wa huko, lakini watalii waliletwa kutazama milango ya upande mwingine. Baada ya Mapinduzi serikali ya Karume, ikisaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilivunja sehemu ya mitaa hiyo na kuinua majumba marefu ya Michenzani. Nia ilikuwa usawa, na waliopata maji ya bomba ndani ya nyumba hawakuuona usawa huo kama maneno matupu. Hata hivyo ramani ilikuwa imeshachorwa walipoambiwa.

Ndiyo maana kazi iliyoanza muongo uliopita kwa jina "Ng'ambo Tuitakayo" ilistahili kupokewa kwa furaha. Idara ya mipango miji ya Zanzibar na wenzao wa Uholanzi walifuata pendekezo la UNESCO la mwaka 2011, linalotaka mji utazamwe kama mandhari yenye watu na kumbukumbu zao, si kama majengo peke yake. Kitabu cha ramani kilichotokana nayo, Ng'ambo Atlas, kilitoka mwaka 2019. Uzuri wake ni kwamba kinaichukulia Ng'ambo kuwa mji. Maskani, viwanja vya mpira, sinema za zamani na hata majumba ya Michenzani yamepewa uzito uliokuwa ukitolewa kwa kasri za masultani.

Lakini tulipime na hilo jina. Katika "tuitakayo", "tu" ni mtendaji. Hatimaye mkazi ametoka kwenye kauli ya kutendwa! Sasa ni haki kumuuliza: huyo "tu" ni nani? Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kutolewa na mchapishaji wa Uholanzi. Mzee aliyetaja jina la zamani la mtaa wake ili liingie ramani hawezi kukisoma kitabu hicho akasema, "Hapa mmekosea." Na mradi wenyewe ulinuia kuifanya Ng'ambo kitovu kipya cha mji, na kitovu cha mji hupandisha bei ya ardhi. Anayepanga chumba na anayekimiliki wote wamo ndani ya "tu", lakini bei ikipanda mmoja anacheka na mwingine anafunga mizigo.

Wakazi wa Ng'ambo hawakungoja mwito wetu ili washiriki. Mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya ardhi. Vibanda vilikuwa vyao, ardhi ilikuwa ya wengine, na kodi ilikuwa imepanda kupita uwezo wao. Hakukuwa na warsha wala posho ya nauli. Kule kukataa kulikuwa ni kuupanga mji, kwa sababu kuliamua nani ataweza kubaki ndani yake.

Lamu kuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2019 baraza la kitaifa la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa karibu na mji huo wa urithi. Mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba mikutano iliyoitwa ushirikishwaji ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika. Watu waliombwa maoni juu ya kitu ambacho hawajaonyeshwa. Wakazi waliojipanga wakaenda kushtaki, na wakashinda.

Lakini kumweka mkazi mbele hakumalizi kazi. Wapo wanaosema turudi barazani, na neno linawasaidia: baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, na baraza ni chombo cha kuamua. Ila barazani huketi wanaume. Mtaalamu anayekusanya maoni hapo jioni atarudi na mpango mzuri wa kahawa, bao na kivuli. Wanawake wanaojua kisima kipi kimeingia chumvi, na nyumba ipi ina familia tatu, wako uani. Na mwenye nyumba anayetaka kuigeuza hoteli naye ni mkazi. Kwa hiyo anayesema "jamii imekubali" huenda amekutana na nusu yake tu.

Mimi ningependa mipango ya hifadhi ihukumiwe kwa swali moja: ni kitu gani kilifutwa kwa sababu mkazi alikataa? Kila mpango uwe na sura hiyo, kwa Kiswahili, ibandikwe skulini na msikitini kabla ya kusainiwa: hiki tulikitaka, wakazi hawa wakakikataa, na sababu zao ni hizi. Ielezwe pia nani atalipia chokaa, na mpangaji analindwaje kodi ikipanda. Mpango usio na chochote cha kuandika katika sura hiyo uache kujiita tuitakayo.