Ralph Kiner Si Orodha ya Makosa

Kila Ralph Kiner anapokumbukwa, kwanza huletwa orodha ya kuteleza kwake ulimi. Ati Siku ya Akina Baba aliwatakia akina baba heri ya kuzaliwa. Ati Gary Carter, mdakaji wa New York Mets, alimwita Gary Cooper, ambaye ni mwigizaji wa sinema! Sawa, tucheke. Lakini kwani mtu hupendwa misimu 52 kwa sababu ya kukosea majina?

Hebu turudi kwenye gongo. Kuanzia 1946 hadi 1952, akiichezea Pittsburgh Pirates, Kiner aliongoza ligi ya National misimu saba mfululizo, mingine akifungana na mwenzake, kwa mapigo ya kuuvusha mpira nje ya uzio. Mwaka 1949 pekee alivusha 54. Timu yenyewe, wacha tu. Katika misimu hiyo saba ni 1948 tu ilishinda mechi nyingi kuliko ilizopoteza; 1952 ilipoteza 112. Alipozozania mshahara, bosi wake Branch Rickey alimwambia kwamba walishika mkia wakiwa naye, na wangeweza kuushika bila yeye. Mwaka 1953 akapelekwa Chicago. Baada ya msimu wa 1955 mgongo ukamstaafisha, akiwa na miaka 32. Ukumbi wa Umaarufu ulimpokea 1975, nafasi yake ya mwisho, kwa kura moja tu juu ya kiwango.

Sasa mweke mtu huyu mbele ya maikrofoni mwaka 1962, pamoja na Lindsey Nelson na Bob Murphy, watangaze Mets wachanga wanaopoteza mechi 120. Wenzake walikuwa watangazaji wa kusomea kazi. Yeye alikuwa amekaa ndani ya kushindwa kwenyewe, tena akiwa nyota. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, hakuhitaji kuwakebehi wachezaji wala kuwapaka mafuta wasikilizaji kwa mgongo wa chupa.

Hata jina la kipindi chake cha baada ya mechi, Kiner's Korner, lina utani wa mtu anayejijua. Korner ilikuwa kona ya uwanja wa Forbes Field, ambako uzio ulisogezwa karibu 1947 kwa ajili ya mkongwe Hank Greenberg. Greenberg alipoondoka, kona ikabaki na jina la Kiner. Yeyote aliyetaka kumpunguzia sifa alikuwa na pa kuanzia: uzio ulikuwa karibu, bwana! Na yeye akalichukua jina hilohilo, akaliweka kwenye televisheni.

Kanda za kipindi hicho zilizosalia ni chache mno. Nadhani hiyo ndiyo siri ya ile orodha ya makosa: kosa la ulimi latosha mstari mmoja wa gazeti, basi likadumu, huku mazungumzo yenyewe yakipotea.

Uzeeni, maradhi ya kupooza uso yaliufanya usemi wake uwe mzito. Kwingine wangemkatia keki na kumuaga. Mets walimwachia maikrofoni, kwa mechi chache chache, hadi 2013. Alifariki Februari 2014, akiwa na miaka 91. Msomaji anayetaka kumsikia aanzie hapo mwishoni, maneno yakiburura, mzee akieleza mpigaji anausubiri mpira gani.